Baron Empain: mtu wa metro ya Paris, na treni iliyopita kwetu katika plaine

Ukisimama kando ya barabara ya taifa namba 5 pale Luvungi, utaona karibu kila kitu chenye magurudumu. Fuso zimejaa magunia, na watu wamekaa juu ya magunia. Motari amebeba mama, mtoto na kuku. Baiskeli zinasukumwa kwa mkono maana mzigo umeshinda miguu. Taxi zinakimbia, zingine kuelekea Kamanyola, zingine kuelekea Sange na Uvira. Kitu kimoja hutakiona: treni. Na vijana wengi ukiwaambia kwamba treni ilipita katika plaine hii ya Ruzizi, watafikiri unawachezea.

Lakini ilipita. Ilitoka Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, ikapanda plaine hadi Kamanyola, zaidi ya kilometa 90. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka wa 1958, miaka miwili kabla ya uhuru, ikafungwa. Reli ikaondoka, barabara ikabaki peke yake.

Ili kuelewa namna treni ilivyofika upande wetu na sababu gani haikukaa, inafaa kufuata maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana hapa kwetu. Huko Paris na Cairo watu wanamjua vizuri zaidi. Aliitwa Édouard Empain. Kampuni yake ndiyo iliyoleta treni ya kwanza ya Wabelgiji kwenye ziwa Tanganyika.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852 huko Beloeil, mji mdogo wa jimbo la Hainaut, Ubelgiji. Hakuzaliwa baron. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na kila mtu anayejua mshahara wa mwalimu anaelewa kwamba nyumbani hapakuwa na utajiri. Kijana akaanza kazi kama mchoraji wa mapango katika kampuni ya chuma na makaa. Alikuwa anachora sehemu za masini na vyuma vya ujenzi, siku nzima ameinama mezani, na ni katika kuchora vitu vya watu wengine ndipo alipojifunza bei ya kila kitu: chuma kinagharimu ngapi, nani anauza, nani ananunua, na faida inabaki wapi.

Wakati ule Ubelgiji ilikuwa na reli kubwa nyingi, lakini kati ya mji na kijiji, kati ya kartie na kiwanda, watu walitembea kwa mguu. Wakubwa wa reli hawakujali safari hizo fupi. Waliona ni pesa kidogo. Empain akaona kinyume: pesa kidogo, lakini kila siku, asubuhi na jioni, na watu wale wale watarudi kesho. Mwaka wa 1881, akiwa hajafikisha miaka 30, akafungua banki yake mwenyewe na kuanza kujenga reli ndogo za mitaa, kwanza upande wa Liège.

Mayele yake tunapaswa kuyaeleza polepole, maana ndiyo yaliyojenga kila kitu kilichofuata. Alikwenda kwenye mji na kuomba haki ya kuweka reli barabarani kwa miaka mingi. Akipata haki hiyo, anaunda kampuni na kuuza hisa kwa watu wenye akiba. Kwa pesa za hisa analipa ujenzi. Vyuma na vifaa vinatoka kwenye viwanda ambamo yeye pia ana mkono, na baadaye hata masini za umeme: mwaka wa 1904 kiwanda kikubwa cha umeme cha Charleroi, ACEC, kikawa ndani ya kundi lake. Kwa hiyo pesa ikitoka katika mfuko mmoja wa Empain ilikuwa inaingia katika mfuko wake mwingine. Na wakati reli imekwisha kujengwa, abiria wanalipa tiketi. Kwa namna hiyo akaweka tramu katika miji ya Ubelgiji, Ufaransa, na nchi zingine mbali.

Kazi iliyompa jina kubwa ni metro ya Paris. Mji wa Paris ulikuwa umebishana miaka mingi kuhusu treni ya chini ya ardhi. Maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1900 yalikuwa yanakaribia, na mji ulitaka aibu isiupate. Wakagawa kazi: mji wenyewe, chini ya mhandisi Fulgence Bienvenüe, ukachimba mahandaki, kampuni ya Empain ikaleta reli, mabehewa, umeme na wafanyakazi, na ikapewa haki ya kuuza tiketi. Tarehe 19 Julai 1900 njia ya kwanza ikafunguliwa, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot.

Tiketi ya daraja la pili ilikuwa santimu 15, ya daraja la kwanza santimu 25. Lakini kulikuwa na bei nyingine, na hiyo ndiyo inayoonyesha Empain alikuwa anamfikiria nani: mtu aliyepanda kabla ya saa tatu asubuhi aliweza kulipa santimu 20 kwenda na kurudi. Ni saa ya wafanyakazi. Mama anayekwenda kufua katika nyumba za matajiri, fundi, kijana wa dukani, wote wakaweza kukaa mbali na kazi ambako nyumba ni rahisi, na bado kufika kwa wakati. Metro haikubadilisha mwendo tu. Ilibadilisha mahali ambapo maskini wa Paris aliweza kuishi.

Metro ile ilikuwa pia na siku yake mbaya. Jioni ya tarehe 10 Agosti 1903 treni moja ilishika moto. Mabehewa yalikuwa ya mbao. Abiria wake walishushwa, treni tupu ikasukumwa na nyingine ili iondolewe njiani, lakini moto ukawaka tena kwa nguvu kwenye kituo cha Ménilmontant. Treni iliyofuata ilikuwa imejaa watu, ikasimama kwenye kituo cha Couronnes. Wafanyakazi wakaomba abiria watoke. Wengi wakakataa, wakasema warudishiwe kwanza pesa za tiketi. Wakabishana. Moshi ukafika, taa zote zikazimika, na watu wakakimbilia upande wa kituo usiokuwa na mlango. Wakafa 84 siku ile, karibu wote kwa moshi.

Baada ya Couronnes kampuni ililazimishwa kubadilisha mambo mengi. Taa za vituo zikatengwa na umeme wa treni ili zisizimike pamoja. Alama za mlango wa kutokea zikawekwa. Mabehewa ya mbao yakaanza kuondolewa na kuwekwa ya chuma. Tutarudi kwenye jambo hili, maana sisi watu wa plaine tunajua pia moto wa usafiri.

Kabla hata ya Paris kufungua metro, Empain alikuwa amekwisha kufika Afrika. Mwaka wa 1894 alipata haki ya kuweka tramu za umeme katika mji wa Cairo, Misri, na mwaka wa 1896 tramu zikaanza kutembea. Watu wa Cairo walizoea punda na miguu. Katika miaka michache mji ukapanuka kufuata reli.

Hapo akaona jambo lingine. Kila mahali reli ilipofika, bei ya ardhi ilipanda. Basi kwa nini mtu ajenge reli kwenda kwenye ardhi ya wengine? Mwaka wa 1905, pamoja na Boghos Nubar, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Misri, akanunua eneo kubwa la jangwa nje ya Cairo, hekta kama 2.500, kwa bei ndogo kabisa maana hapakuwa na mtu aliyelitaka. Akapeleka maji, akapeleka umeme, akaweka tramu ya haraka hadi katikati ya Cairo, kisha akaanza kuuza viwanja na nyumba. Mji huo unaitwa Heliopolis, mji wa jua. Kwake mwenyewe akajenga jumba la ajabu lenye sura ya hekalu la Wahindi, na masimulizi ya Cairo yakaongeza kwamba mnara wake ulikuwa unazunguka kufuata jua. Jumba bado liko. Serikali ya Misri ililitengeneza na kulifungua kwa wageni mwaka wa 2020. Tramu ya Heliopolis yenyewe haiko tena. Reli zake ziliondolewa miaka hii ya karibuni ili kupanua barabara za magari. Kwa hiyo si kwetu peke yake ambapo gari limekula treni.

Sasa tuje Kongo.

Mfalme Léopold II alikuwa anatafuta mtu wa kufungua mashariki ya Kongo kwa reli. Mto Kongo unapitika na boti kutoka Kinshasa hadi Kisangani, lakini juu ya hapo kuna maporomoko ya maji yanayokata njia, kisha mto unapitika tena, kisha maporomoko tena. Mpango ulikuwa rahisi kusema: pale maji yanapokataa, weka reli. Tarehe 4 Januari 1902 ikaundwa kampuni ya Empain iliyoitwa kwa kifupi CFL, reli ya Kongo ya juu kwenda kwenye Maziwa Makuu ya Afrika.

Angalia masharti. Serikali ya Léopold iliahidi kwamba wenye hisa watapata riba ya asilimia 4, treni ipate faida ao isipate. Juu ya hiyo kampuni ikapewa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi na misitu. Huko Heliopolis Empain alinunua jangwa tupu, akaliuza kwa watu waliotaka kukaa. Huku alipewa ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Hakuna mkubwa wa kijiji aliyeketi kwenye meza ile ya Bruxelles. Mwaka wa 1907 Léopold akampa Empain cheo cha baron.

Reli ikajengwa vipande vipande. Kipande cha kwanza, kilometa kama 125 kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani, hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu, kilifunguliwa mwaka wa 1906. Cha pili kutoka Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, kikamalizika mwisho wa mwaka 1910. Cha tatu kilitoka Kabalo na kufuata bonde la Lukuga, kilometa 273, kikafika kwenye ziwa Tanganyika mwezi wa tatu 1915, mahali palipopewa jina la Albertville na leo ni Kalemie. Waliofanya kazi hiyo kwa mikono, waliokata msitu, waliobeba vyuma na kupasua mawe, walikuwa watu wa hapa, na wengi hawakwenda kwa mapenzi yao. Serikali ililazimisha vijiji kutoa vijana. Homa, njaa na ugonjwa wa malale viliwasindikiza.

Haki itendeke pia: kabla ya reli, mzigo wote ulikwenda juu ya kichwa cha mpagazi. Kati ya Kabalo na ziwa, baada ya 1915, treni iliondoa shingo za watu wengi chini ya mzigo. Mtu ambaye babu yake alikuwa mpagazi hawezi kuudharau mwaka huo.

Na reli ilifika katika wakati wa vita. Wajerumani walikuwa wamemaliza reli yao kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mwaka mmoja mapema, 1914, na meli zao zilitawala ziwa. Mwisho wa mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo zenye majina ya kitoto, Mimi na Toutou, zikipita Katanga, msituni na mtoni, na kipande cha mwisho hadi ziwani zikapakiwa juu ya treni ya Empain. Empain mwenyewe wakati huo alikuwa Ulaya, akitafutia jeshi la Ubelgiji silaha na baruti, na akapewa cheo cha jenerali. Mtoto wa mwalimu alikuwa sasa baron, jenerali, mwenye banki, mwenye metro na mwenye mji.

Mtu atauliza: je, treni ya CFL haikubeba abiria? Ilibeba. Lakini haikujengwa kwa ajili yao, na hapo ndipo maisha ya mtu huyu yanatuhusu. Huko Paris Empain aliweka kituo karibu na kituo, mtu akitoka nyumbani asitembee mbali, na alihesabu tiketi. Huko Cairo alihesabu tiketi na viwanja. Huku Kongo alihesabu tani. Safari kutoka Kisangani hadi Uvira ilikuwa treni, halafu boti, halafu treni, halafu boti, halafu treni, halafu meli ya ziwa. Kila mahali shusha, ngoja, pakia tena. Gunia la mpira ao sanduku la pembe halichoki kungoja. Mama mwenye mtoto mgonjwa anachoka. Mtu yule yule, mayele yale yale, lakini aliyelipa hakuwa yule yule: Paris alilipa abiria, Kongo alilipa Léopold kwa ardhi ya watu.

Tena reli zile zote zilielekea upande mmoja. Zilitoka palipo na mali kwenda palipo na meli. Hakuna iliyouliza mtu wa Mwenga anafikaje sokoni, ao mtu wa Lemera anashukaje plaine.

Baada ya vita macho yakageuka Kivu. Wazungu walitaka mashamba ya kahawa kwenye milima yenye baridi, na pamba ikapandwa katika plaine ya Ruzizi. Mwaka wa 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, CNKi, ili kugawa na kusimamia ardhi ya Kivu, na CFL ilikuwa kati ya wenye mkono katika kuiunda. Ardhi kwanza, usafiri nyuma yake, kama Heliopolis, isipokuwa hapa ardhi haikuwa jangwa.

Tarehe 22 Julai 1929 Empain akafa karibu na Bruxelles, akiwa na miaka 76. Akazikwa Misri, ndani ya kanisa kubwa alilojenga Heliopolis. Aliacha watoto wawili wanaume, Jean na Louis, na kundi la kampuni ambalo liliendelea kwa jina lake miaka mingi. (Mjukuu wake, baron pia, alitekwa na majambazi Paris mwezi wa kwanza 1978, wakamkata kipande cha kidole na kumshika miezi miwili. Utajiri ule haukuwa na usingizi mzuri.)

Kwa hiyo treni ya plaine hakuiona. Ilijengwa na kampuni iliyoitwa Cefaki, chemin de fer du Kivu, lakini mawazo yalikuwa yale yale ya CFL: palipo maji tumia meli, palipo nchi kavu weka reli. Lengo lilikuwa kufika Bukavu. Reli ikatoka Kalundu, ikapita plaine yote bila shida maana plaine ni kama meza, ikafika Kamanyola, na hapo ikakutana na milima ya Ngomo. Kila shofere wa leo anajua Ngomo. Ni njia iliyobandikwa kwenye ukuta wa mlima, na bonde la Ruzizi liko chini kabisa. Reli ikasimama chini ya mlima, na haikupanda kamwe.

Fikiria sasa safari ya gunia moja la kahawa kutoka Bukavu. Lori linashuka nalo Ngomo hadi Kamanyola. Wanalishusha, wanalipakia ndani ya treni. Treni inapita Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba, inafika Kalundu. Wanalishusha, wanalipakia ndani ya meli. Meli inakwenda Albertville kwa treni ya CFL, ao Kigoma ambako tangu 1921 Wabelgiji walikuwa na sehemu yao ya bandari, na treni ya Waingereza inalipeleka Dar es Salaam. Lori lililokwisha kushuka Ngomo na mzigo, kwa nini lisiendelee tu kilometa 90 za tambarare hadi bandarini? Wenye malori walijiuliza hivyo, na barabara ilipokuwa nzuri kidogo jibu likawa wazi. Reli fupi isiyounganishwa na reli nyingine yoyote haiwezi kushindana na lori. Ndivyo 1958 ilivyofika.

Kama treni ile ingekuwa ya watu, hesabu ingekuwa nyingine. Plaine ina masoko, shule, hospitali na makanisa, na vijiji vimepangwa juu ya mstari mmoja, mmoja baada ya mwingine, kama shanga. Ukitaka kuchora mahali panapofaa treni ya abiria ya kila siku, huwezi kupata pazuri zaidi. Kama abiria wa asubuhi wa kwenda na kurudi, yule wa santimu 20, angehesabiwa hapa kama alivyohesabiwa Paris, pengine reli ingeonekana ina faida. Hayo ni maoni yangu, lakini nayatoa nikiangalia moto zinazopita Luvungi kabla ya jua kuchomoza.

Tangu reli iondoke kila kitu kimepita barabarani: watu, mchele, ng'ombe, saruji, na mafuta. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lilipinduka Sange, kusini ya Luvungi. Watu wakakaribia, wengine na mabidoni, wengine kuangalia tu. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za sinema pale karibu wakiangalia mpira wa kombe la dunia. Mafuta yakashika moto. Watu zaidi ya 230 wakafa, na wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja maana hawakuweza kutambuliwa. Ni karibu mara tatu ya wafu wa Couronnes. Baada ya Couronnes, mji wa Paris ulikuwa na kampuni moja ya kuibana: badilisha taa, badilisha mabehewa, weka milango. Baada ya Sange, nani wa kubanwa? Barabara ni ya wote, lori ni la mtu mmoja, mafuta ni ya mwingine, na ukarabati ni wa serikali ambayo hukusanya ushuru kwenye bariere nyingi kuliko mashimo inayoziba. Na siku nyingi abiria wa Uvira kwenda Bukavu, akiwa na hati mkononi, ameona heri kuvuka mpaka na kupita Rwanda, kwenye lami, kuliko kupanda Ngomo ndani ya nchi yake.

Jambo ambalo Empain angeshangaa nalo kidogo tu ni umeme. Tramu zake za Cairo zilikuwa za umeme, metro yake ilikuwa ya umeme tangu siku ya kwanza, miaka zaidi ya 120 iliyopita. Leo watu wanasema gari la umeme kana kwamba ni kitu cha jana. Huko Kigali moto za umeme zinabeba abiria, na motari betri ikiisha anafika kituoni, anaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa, dakika chache anaendelea. Maji yanayozungusha masini za Ruzizi I na Ruzizi II yanashuka pembeni yetu. Ni mto wetu, unapita Luvungi ukiwa na nguvu zake zote. Motari wa Luvungi anayenunua mafuta kwa chupa kando ya njia angekuwa wa kwanza kufanya hesabu, siku umeme utakapofika kwa uhakika.

Na treni yenyewe inatajwa tena. Tanzania imejenga reli mpya ya umeme. Tangu 2024 inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mpango uliotiwa sahihi na Tanzania, Burundi na Kongo unataka tawi litoke Uvinza, lipite Musongati na Gitega nchini Burundi, kisha lifike Uvira na kuendelea hadi Kindu. Kazi ya kipande cha Uvinza hadi Musongati, kama kilometa 280, ilizinduliwa upande wa Burundi mwaka wa 2025. Musongati haikuchaguliwa kwa sababu ya abiria. Chini ya udongo wake kuna nikeli. Mipango hii inazungumza juu ya tani, kama CFL ilivyozungumza. Lakini ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma inajaza watu, na hiyo inaonyesha kwamba reli moja inaweza kubeba vyote viwili ikiwa mtu atataka vituo viwekwe.

Kindu ndipo lilipoanzia lile tawi la Empain la 1910, lile linalokwenda Kongolo na ambalo leo liko chini ya SNCC. Reli yake ina upana wa meta 1 na karibu sentimita 7, ilivyopanuliwa mwaka wa 1955. Reli mpya ya Tanzania ina upana wa meta 1 na sentimita 43 na nusu. Treni ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine. Siku hizo mbili zitakapokutana Kindu, gunia litashushwa kutoka behewa moja, litabebwa mabegani, na kupakiwa katika behewa lingine.